Kumbukumbu za Kikao, na Yaliyobaki Nje

Nimeandika: kikao kilifunguliwa kwa sala, saa nane na robo,
waliohudhuria kumi na mmoja, wenye udhuru wawili.
Sikuandika kwamba mvua iliyapiga mabati yetu ya Huruma
hata Mchungaji Mutinda akaomba kama anayenadi mitumba,
na amina yetu ikamtangulia.

Ajenda ya tatu: ushirikiano na nyumba ya mafungo, kule Karen.
Wao wana vitanda ishirini na vinne, matuta ya mchicha,
kanisa dogo la mawe,
na kimya.
Sisi tuna mikono.
Ndivyo alivyosema Bi Wangeci, msimamizi wao,
aliyetujia na buti za shambani, udongo mwekundu hadi vifundoni,
akanywa chai yetu ya tangawizi mpaka akakuta machicha.

Ikaazimiwa:
Jumamosi ya pili ya kila mwezi, wanane kati yetu
watapalilia, wataziba paa, watafua shuka;
nao kwa mwaka watatupa malazi arobaini bila malipo,
kwa yeyote aliyechoka.
Mweka hazina, Ezbon, akauliza ni nani hajachoka.
Kicheko hakina mstari katika daftari hili.

Kura ya kwanza ilimwangukia Kerubo, mpika chapati,
ambaye tangu azaliwe hajalala chumbani peke yake.
Tulimwombea kama aendaye ng'ambo.
Akafunga khanga mbili na Biblia isiyo na Mwanzo;
kurasa zile zilichanwa na mtoto aliyekuwa anajifunza kutambaa.
Usiku wa manane simu yangu ikalia:
"Katibu, njoo unichukue.
Huku kumenyamaza vibaya."

Nilimwelewa. Kwetu, ghorofa ya nne,
usingizi hushonwa kwa vipande:
baa ya chini, jenereta, kesha la jirani,
mwana wa mtu na kikohozi chake.
Uchomoe uzi mmoja, nguo yote inafumuka.
Kule alisikia damu yake ikitembea.
Akasikia pia (alinieleza baadaye, macho yake kwenye kikaango)
jina la mwanawe wa kati,
ambalo hakuna aliyelitaja tangu mazishi ya Lang'ata.

Akatoka pekupeku.
Chumba cha kufulia kilikuwa na taa.
Wangeci alikuwa anakamua shuka, peke yake, saa tisa usiku;
mashine ilikufa tangu Pasaka na hakutuambia.
Kerubo akashika ncha ya pili.
Huyu akasokota kulia, yule kushoto,
maji yakaanguka kati ya miguu yao.
Hawakusemezana hadi kamba zilipojaa.
Yako maombi ya namna hiyo. Mimi sijui yanaandikwaje.

Mwezi wa tano Wangeci aliketi benchi letu la nyuma, bila buti.
Baada ya ibada akauliza, akiutazama mkoba wake,
kama pana mahali angelala, usiku mmoja tu,
penye watu.
Kerubo akasogeza watoto.
Baa ikapiga muziki hadi alfajiri.
Mgeni akakoroma
hata jirani akagonga ukuta.

Marekebisho ya ajenda ya tatu, yaliyotolewa na Ezbon,
yakaungwa mkono na wote:
ukurasa wa malazi uwe na safu mbili,
waendao Karen, na wajao Huruma.

Mengineyo: foronya moja, yenye muhuri wa nyumba ya mafungo,
imeonekana ikianikwa kambani, ghorofa ya nne.
Suala limeahirishwa.
Kikao kilifungwa kwa sala. Mvua ilikuwa imekatika kitambo,
lakini Mchungaji aliendelea kupaza sauti.